Mpishi Hakasiriki Mezani

Waliomjua Mpishi hapa mtaani kwetu Ifakara hukumbuka kwanza ulimi wake. Mama yule alikuwa mkali, tena mkali hasa. Muuza kuni akimletea kuni mbichi alirudishiwa ukuni mmoja mmoja, kila ukuni na neno lake. Kuna mgeni mmoja, mtu wa ofisini, aliwahi kulalamika kwamba wali wake una ukoko. Mpishi alitoka jikoni na upawa mkononi, akamwondolea sahani na kumwambia kwamba ukoko ndio ushahidi kuwa wali umepikwa kwa moto wa kweli, asiyeutaka akale chipsi. Yule bwana aliondoka na njaa yake. Kesho yake saa sita alikuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi.

Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kwa Mpishi nilikula mchana karibu miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo alinifokea kuliko alivyowahi kunifokea mama yangu mzazi. Alinifokea kwa kuingia na mikono ya grisi, kwa kula nimesimama, kwa kupokea simu ya mteja huku mdomo umejaa. Nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Damu yangu huchemka upesi, na nadhani wengine walikuja pale kula samaki kitoga wa mchuzi huku wakitusikiliza sisi wawili.

Basi aliyemwona mezani na karata kwa mara ya kwanza alidhani ni mtu mwingine. Jumapili, misa imekwisha na wateja wa mchana wameondoka, kama saa nane hivi, alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akakaa. Kuanzia hapo hukusikia tena sauti yake ikipanda. Ukimla, yaani ukimshinda, alisema "haya." Akikula, alisema "haya." Ile haya moja, kwa sauti ile ile, ilitukera kuliko matusi yake yote ya jikoni.

Mchezo wenyewe ni poka. Sisi wengine tulikuwa tumezoea arobastini, mchezo wa kelele na wa kubamiza karata mezani. Poka ni mchezo wa kunyamaza. Kila mtu anapewa karata mbili anazoziona yeye peke yake. Kisha zinafunuliwa tano katikati ya meza, za wote, na kila hatua unaamua: kuongeza dau, kulifuata dau la mwenzako, au kuzitupa karata zako. Anayekula ni yule ambaye karata zake zimeoana vizuri zaidi, au yule aliyebaki baada ya wengine wote kuogopa. Kwa hiyo unaweza kushinda ukiwa na takataka mkononi, na unaweza kushindwa ukiwa na karata za kifalme. Hapo ndipo vichwa vya watu vinapoharibika.

Fedha hazikukaa mezani kwa Mpishi. Kila mchezaji alikuja na debe moja la mpunga mkavu, akaliegemeza ukutani, akapewa maharage mia. Maharage yakiisha, debe lako limekwenda, nawe unakwenda nyumbani hadi Jumapili nyingine. Hakuna kukopa wala kuongeza debe la pili. Debe aliloshinda yeye alilikoboa, akalipika mgahawani na kutuuzia sisi wenyewe sahani kwa sahani, bila hata chembe ya aibu. Nimekula mpunga wangu mwenyewe kwa bei kamili mara nyingi sana.

Na kulikuwa na sharti lililopita yote: mpunga ulioko shambani hautajwi mezani. Bonde letu hili lina ugonjwa huo. Mpunga bado kijani, hata haujatoa suke, mtu ameshauuza, ameshaufanyia harusi, ameshauchezea karata. Mpishi alikuwa na sababu yake ya kuchukia jambo hilo, nami nilikuwa mmoja wa wachache aliowaambia. Nitafika huko, ingawa sipendi.

Poka aliipata kambini. Kabla ya kufungua mgahawa aliwapikia wahandisi wageni waliokuwa wakijenga barabara, nao kila Jumamosi wakimaliza chakula walicheza. Yeye alikuwa akileta chai na kuondoa sahani. Hakujua lugha yao vizuri, karata ndiyo kabisa, lakini sahani alizijua. Alisema aligundua kwamba mtu aliyeshindwa mara tatu mfululizo huanza kula haraka na kudai chumvi, na mtu anayeshinda mfululizo husahau nyama kwenye sahani. Wote wawili, alisema, hawapo pale walipokaa. Mmoja yuko kwenye michezo iliyopita anajaribu kuirudisha, mwingine yuko kwenye michezo inayokuja ameshaanza kuitumia. Baada ya miaka miwili aliweza kuangalia sahani na kujua nani ataliwa jioni ile. Siku mchezaji mmoja alipougua homa, walimkaribisha akae kwa mzaha. Aliondoka na redio ya mhandisi mkuu.

Redio hiyo ilikaa juu ya kabati la mgahawa, na hiyo nayo ilikuwa aibu yake. Kwa sababu Mpishi huyo huyo ambaye hakupepesa jicho mbele ya dau la maharage mia, akisikiliza mchezo wa kuigiza redioni alilia. Mama wa kambo akimnyima mtoto chakula, Mpishi alilia na kumtukana mama wa kambo mpaka wali ukaungua. Radi nazo zilimtisha. Mvua za masika zikianza kunguruma upande wa milima ya Udzungwa alikuwa anafunika vioo na kukaa chini. Nilimwuliza mara moja imekuwaje mtu anayeogopa radi asiogope kuliwa. Alinijibu kwamba hajawahi kusema haogopi.

Hilo nililielewa nimechelewa. Sisi tulidhani Mpishi ana moyo baridi, kumbe alikuwa na moyo wa moto kama wangu, ila aliufanyia kazi. Na dawa yake kuu ilikuwa ungo. Yeyote aliyeshinda mara tatu mfululizo, na yeyote aliyeshindwa mara tatu mfululizo, alitakiwa kuinuka mezani, akae kwenye kigoda karibu na jiko, achambue mchele. Ungo mzima, atoe mawe, chuya na vipande vya bua. Akimaliza, Mpishi alipitisha kidole. Jiwe moja likionekana, mtu anarudia.

Mtaa mzima ulitucheka. Dereva, mwenzetu mmoja wa meza, jitu la miraba minne linaloendesha lori la mpunga hadi Morogoro, alikaa pale na ungo mapajani mithili ya bi harusi, huku watoto wanamchungulia. Mfugaji, mwenzetu wa nne, Msukuma mpole aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, yeye alipenda ile kazi na alichambua hata zamu isiyo yake. Mimi niliichukia. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshinda mara tatu, naimba, napiga meza na vidole, na huyu mama ananiambia nikachambue mchele. Nilimwambia siwezi kuinuka wakati bahati imenikalia.

"Ndiyo maana uinuke," alisema. "Mvua si yako, Fundi. Chako ni jaruba tu."

Nilichambua nimenuna, mawe matatu yakanipita, nikarudia. Niliporudi mezani nikatupa karata mbaya ambazo robo saa nyuma ningezifuata hadi kaburini. Sikumwambia kwamba nimeona tofauti. Alijua.

Mambo yake mengine yalikuwa hivyo hivyo, madogo na ya kuudhi. Karata zake mbili aliziangalia mara moja tu, akazilaza. Hakuruhusu mtu kusimulia mchezo uliokwisha. Ukianza "laiti nisingeitupa ile ree," alikukata. Tukimaliza hakuuliza nani kashinda. Aliuliza kila mtu ataje uamuzi mmoja alioufanya vibaya, hata mshindi, na mshindi ndiye aliyehojiwa zaidi. Alisema karata mbaya si kosa la mtu, kosa ni kuzifuata, na mtu anayeshinda kwa kosa ameonjeshwa sumu yenye sukari.

Sasa nieleze ahadi, maana bila ahadi hiyo yote haya ni mchezo tu.

Meza ilipofikisha mwaka mmoja maneno yalienea. Mwanamke, mama mzima wa jumuiya ya kanisa, anacheza karata na wanaume siku ya Bwana. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja Alhamisi moja pamoja na akina mama wawili. Mimi nilikuwepo, nakula. Mpishi aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, jambo lililonishangaza, kisha akawajibu kwa upole. Aliwaambia hakuna anayekwenda na njaa kwa ajili ya meza yake, debe moja ndio mwisho. Ubaya wa karata, alisema, si karatasi zile, ni hasira na tamaa vinavyomwingia mtu, na yeye amekaa pale kujifunza kuvitoa. Akamalizia kwa kuapa mbele yao kwamba siku atakayocheza kwa hasira, hata mchezo mmoja, hatakaa tena kwenye meza hiyo wala nyingine maisha yake yote.

Mwenyekiti alikubali, nadhani kwa kuwa alijua ulimi wake na aliona siku ya mwisho haiko mbali. Mtaa nao ulidhani hivyo hivyo. Tangu wiki ile watu walianza kuja kutazama, na hawakuja kutazama karata. Walikuja kumtazama Mpishi usoni.

Sababu ya ahadi alinieleza siku nyingine, tuko wawili, natengeneza mashine yake ya kusaga viungo. Mume wake alikuwa mkata miwa mashamba ya sukari, anarudi nyumbani likizo. Mwaka mmoja alirudi mpunga ukiwa umeanza kuinama. Ekari mbili, upande wa Mchombe, Mpishi amezilima, amezipanda na kuzipalilia peke yake, mtoto mgongoni. Mume akaenda kucheza karata na wachuuzi wa mpunga. Akaliwa, akakasirika, akaongeza, akaliwa tena, na kwa hasira akaweka ekari zile mbili zikiwa zimesimama shambani. Mpishi alikuja kujua alipokwenda kuamia ndege wasile mpunga na kukuta watu na mundu wanavuna. Walivuna mbele yake, siku mbili, na yeye amekaa kwenye tuta. Mume alikimbilia huko ndani Masagati na hakurudi.

"Hakuwa mtu mbaya," aliniambia. "Alikuwa na hasira, akazipa karata."

Aliniambia nisimweleze mtu, na kweli sikumweleza mtu. Nilifanya kibaya zaidi.

Masika yaliyofuata Mpishi alianza kuliwa. Sio kuliwa kwa makosa. Tuliokuwa mezani tuliona kabisa kwamba anacheza vizuri kama siku zote, anatupa takataka, anatoa dau pale panapostahili, na karata ya mwisho inamgeuka. Jumapili ya kwanza debe lake lilikwenda. Ya pili likaenda. Ya tatu watu walianza kutazamana. Alikaa na ungo wake mwenyewe kila alipofikisha mara tatu, akachambua, akarudi, akasema haya, akaliwa. Kufikia Jumapili ya tano benchi zote mbili zilijaa watazamaji na wengine wamesimama barabarani na miamvuli. Mmoja wa wale akina mama wa jumuiya alileta kiti chake.

Na madebe yale yalikuwa yakienda wapi? Kwangu. Mimi mwaka ule karata zilinipenda kupita kiasi. Nikihitaji kwini, kwini anakuja. Nilikuwa bado nainuka kwenda kuchambua mchele, lakini nilichambua kwa mikono huku macho yako mezani. Nilianza kutembea mtaani kama mtu aliyejenga ghorofa. Vijana wa bodaboda waliniita Bingwa, nami niliitika. Nasema ukweli, nilianza kutamani jambo moja tu, na halikuwa mpunga. Nilitaka Mpishi avunjike. Nilitaka nisikie sauti ile ya jikoni ikipanda mezani, mbele ya watu, kwa sababu yangu. Siwezi kueleza vizuri kwa nini. Labda kwa sababu miaka yote alikuwa amenionyesha kwamba hasira zangu ni uvivu wa kujizuia, na nilitaka kumwona yeye naye mvivu.

Jumapili ya nane mvua ilikuwa imekatika asubuhi, jua kali, matope yananuka. Dereva aliliwa mapema. Mfugaji alifuata, akashukuru, akabaki kutazama. Tukabaki wawili, mimi nikiwa na lundo la maharage, yeye akiwa na kama themanini. Alikuwa ametoka kuchambua mchele. Uso umetulia, mikono imelala mezani. Watu walisogeza benchi karibu.

Dereva aligawa. Nikaangalia zangu: kingi wawili. Yeye akaziangalia zake mara moja, akazilaza. Nikaweka maharage ishirini. Nilijua atazitupa. Jumapili nane alikuwa anatupa vizuri, na kutupa kwake vizuri kulinikera kuliko kushindwa kwake. Ndipo nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mama, kama debe limekuwa dogo, weka mpunga wa shambani. Kwenu si ndivyo mlivyozoea?"

Watu wengi hawakuelewa. Wawili watatu walicheka wakidhani ni utani wa sharti lake. Mpishi hakucheka. Aliniangalia. Sikumbuki kuona kitu chochote usoni pake, na niliangalia sana. Kisha akasukuma maharage yake yote katikati.

Nilifuata papo hapo. Tukafunua karata zetu, maana hakukuwa na dau jingine la kuweka. Mimi kingi wawili. Yeye saba na mbili. Mtu anayejua poka anajua hakuna mkono mbovu kuliko huo. Mpishi mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuutupa bila kufikiri. Watu waliguna. Dereva, aliyegeuzwa mgawaji, akafunua tatu za kwanza: saba, kumi, tatu. Ya nne, ree. Bado nilikuwa mbele. Ya tano akaifunua polepole, na ilikuwa saba.

Saba tatu zikawala kingi wangu. Barabarani walipiga vigelegele. Mama wa jumuiya aliinuka kwenye kiti chake akapiga makofi. Mpishi alisema "haya," kwa sauti ile ile, akayavuta maharage.

Baada ya hapo mimi ndiye niliyepotea. Nilifuata kila takataka, nikaongeza dau kwa kisirani, na kabla ya saa kumi lundo lote lilikuwa upande wake. Nilipiga teke kigoda nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia Dereva akiwaeleza watu kwamba ule ulikuwa mtego. Mpishi alijua Fundi amelewa sifa, akajifanya amekasirika na karata mbovu ili Fundi ajae mzima mzima. Watu waliipenda hiyo hadithi, na mimi pia niliiamini. Aliyeshinda haulizwi maswali, isipokuwa kwenye meza ya Mpishi, na siku hiyo Mpishi hakuuliza mtu swali lolote.

Jumapili iliyofuata meza haikuwekwa. Alisema magoti yanamsumbua. Iliyofuata akasema macho. Baada ya mavuno akauza mgahawa na kuhamia Chita kwa binti yake. Mtaa ukasema huyo ndiye bingwa wa kweli, anajua kuondoka akiwa juu. Hakuniaga, nami sikumfuata. Niliona aibu kidogo, na aibu kidogo ndiyo inayokaa sana, kwa sababu mtu anaweza kuibeba huku anafanya kazi.

Imepita miaka mitatu. Mwaka huu, mashine ya mtu mmoja wa Chita iliharibika nikaitwa. Nilipanda basi la Mlimba, tukapita Mchombe mpunga umeinama pande zote za barabara, na safari nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kumwomba arudi hata kwa ziara, Jumapili moja, watu wamemkumbuka. Msamaha nao nilikuwa nimeuweka mahali fulani katikati ya maneno mengine, usionekane sana.

Nilimkuta nyumbani kwa binti yake, amekaa kwenye mkeka, anatwanga karanga. Amepungua mwili. Vijana wa kambi ya jeshi la kujenga taifa walikuwa wanapita barabarani wakikimbia na kuimba, akasubiri wapite ndipo aniitikie shikamoo yangu. Kisha akanifokea kwa viatu vyangu vyenye matope, na nikafurahi mno.

Nilimweleza habari za Ifakara. Nikamweleza watu wanavyosimulia mtego wake, na kwamba Dereva ameutia chumvi hadi imekuwa ree nne. Nilidhani atacheka. Aliacha kutwanga.

"Fundi, ule haukuwa mtego," alisema. "Mimi nilikasirika."

Nilianza kusema kitu, akaniinulia mkono. Aliniambia kwamba niliposema yale maneno hakuniona tena mimi, alimwona mume wake, na karata hakuziona kabisa. Alisukuma yale maharage akitaka mimi niumie, basi. Hakutaka kushinda. Angeshika saba na mbili, angeshika ree mbili, angefanya vile vile. Na saba ilipotokea na watu wakapiga vigelegele, alisema, ndipo alipoogopa, kwa sababu alisikia utamu. Alikaa mchezo mmoja baada ya mwingine akinila, anasikia utamu, na hakuna hata mtu mmoja pale aliyejua kwamba ameshavunja kiapo.

Nilimwambia hakuna aliyejua, basi hakuna aliyemtoa mezani. Angeweza kuendelea.

"Mimi nilikuwepo," alisema.

Nililia. Sikuona haya. Nilimwomba msamaha bila yale maneno mengine yote niliyoyapanga njiani. Alinisamehe kwa kunipa mchi na kuniambia nimalizie karanga, yeye mkono umechoka. Nikatwanga hadi zikaisha. Nilipoaga alinipa kazi moja. Alisema hataki sifa ya mtego. Alimwapia mwenyekiti na wale akina mama kweli, na anataka wajue kwamba alikiuka, na akaacha kama alivyoapa. Nirudi niwaambie. Nikamuahidi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliwakuta kibarazani pale pale, mgahawa sasa ni duka la pembejeo. Mwenyekiti alikuwepo, yule mama wa jumuiya, Dereva, Mfugaji, na vijana wa bodaboda. Niliwaambia yote. Niliwaambia hata maneno niliyomtupia na maana yake, jambo lililonichoma kuliko yote, kwa kuwa ilibidi nitoe siri yake ili kosa langu lionekane. Nilimaliza. Kisha Dereva akanipiga begani.

"Fundi, miaka mitatu, na bado inakuuma," alisema, na wote wakacheka.

Nikarudia. Wakazidi kucheka. Yule mama wa jumuiya alinionea huruma, akaniambia taratibu kwamba kuliwa na mwanamke si dhambi, ila kumsingizia ni dhambi. Nilisikia damu inapanda shingoni hadi masikioni, mkono umekunjika ngumi. Mfugaji peke yake hakucheka, lakini naye alitazama chini. Nilikaa pale kwenye kibaraza mpaka mkono ukafunguka. Kisha nikawaaga mmoja mmoja.

Jioni ile nilimpigia Mpishi simu. Nilimwambia nimesema kila kitu na hakuna aliyeniamini. Wanasema ni mtu aliyeshindwa, bado inamuuma.

"Kwani haikuumi?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba inaniuma, ila si kwa ajili ya mpunga.

"Na mimi, mwanangu," alisema. "Na mimi bado inaniuma."